Bahari Iliyolishwa Mno

Mtu akikwambia Kasulu hakuna bahari, mwulize alikaa sebule ya nani. Kwangu ilikuwapo, nyuma ya duka la mume wangu Gharibu, ndani ya sanduku la kioo refu kama kitanda cha mtoto. Mchana jua likiingia dirishani, kivuli cha maji kilicheza darini, nami nimelala mkekani chini yake, nasahau kabisa baridi ya milimani. Nilisikia mawimbi ya Mwambani, kule Tanga nilikozaliwa. Hayakuwapo, najua. Niacheni nisikie.

Gharibu aliileta bahari hiyo kwa ajili yangu, maana siku ya kwanza tu nilimwambia wazi kwamba ukungu huu utaniua. Alisafirisha maji ya chumvi kwa mapipa, treni mpaka Kigoma, kisha lori, pamoja na samaki wawili wa rangi ya chungwa na jiwe la matumbawe lililo hai, limeota kitu laini kama ua, kinafunguka na kujifunga chenyewe. Hewa tuliwapa kwa mpira wa ndani wa tairi la lori: unajazwa upepo, unaachiwa uvuje polepole kupitia kijibomba. Tukapatana hivi: samaki wakiishi, nakaa, siku wakifa, ananirudisha kwetu. Wala sikuwa natania.

Basi watu wakaanza kuja kutazama. Na Waha hawa, wenyeji wa huku, jamani, hawaingii nyumba ya watu mikono mitupu. Huyu kaja na dagaa, yule na tonge la ugali wa muhogo, na wote wanataka samaki waonje. Samaki nao hawajui kukataa. Nikifoka, wananicheka. "Mama, mgeni analishwa," wananiambia, kana kwamba mimi ndiye sina adabu.

Aliyewashinda wote ni Esteri. Alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, akikimbia mauaji, watu wake wengi wakabaki huko huko udongoni, na sasa alikaa kwenye kibanda nyuma ya kanisa. Alikuja kila alasiri, akaketi kando yangu mkekani, Kiswahili chake kidogo, changu kingi mno. "Hizi ni impunzi," aliniambia akiwaonyesha samaki. Kwao neno hilo ni wakimbizi. "Kama mimi. Na wewe pia." Kisha anafungua pindo la kanga, anatoa chakula, anawamwagia. Tunatazama. Kuna wakati sikujua nani kalala na nani yu macho, sisi au samaki.

Halafu lile ua likaanza kujifunga. Kwanza jioni tu, baadaye kutwa nzima. Samaki wakapauka, wakawa wanajibanza pembeni. Nikatoa sanduku langu la nguo, nikaliweka mlangoni Gharibu alione. Maskini wa Mungu. Alikwenda kumwita Leonidasi, bwana mmoja aliyekuwa akizunguka vijijini kupima maji ya visima.

Leonidasi alichota maji kidogo kwenye kichupa, akatia dawa yake, tukangoja. Maji yakawa mekundu.

"Naitreti," akasema. "Chakula kilichobaki na kinyesi cha samaki vikioza, mwisho wake ndio huu. Haionekani, hainuki, lakini ikizidi, jiwe lako linakufa, Bi Kuruthumu."

"Dawa yake?"

"Maji mapya ya bahari."

Gharibu akacheka kwa uchungu. Mvua ilikuwa imekata barabara, na bahari yenyewe iko upande wa pili wa nchi.

"Basi punguzeni chakula," akasema Leonidasi. "Na huu mwani wa kijani unaoukwangua kwenye kioo, uache uote. Upe jua. Naitreti kwake ni mbolea, utaila yote."

Nami niliyelelewa kwa usafi nilikuwa naukwangua kila uchao! Tukaweka karai pana dirishani penye jua, tukatandaza mawe yenye mwani, tukawa tunapitisha maji humo kwa kata na kuyarudisha. Chakula nikatoa mimi peke yangu, chembe tu. Wageni nikawakataza mlangoni, isipokuwa Esteri, na wengine walinuna.

Leonidasi alipopima tena, wekundu ulikuwa ule ule. Alasiri moja natoka jikoni, namkuta Esteri mkono umo majini.

"Unataka kuniulia samaki wangu?" nikamfokea. "Hicho chakula chako ni sumu."

Alifunga pindo lake taratibu. "Sikujua," akasema, akaondoka, na hakuja tena.

Mwani ukanenepa karaini, nikawa naukata na kuutupa, unaota tena. Leonidasi kila akipima, wekundu umepungua, mpaka ukawa waridi hafifu. Asubuhi moja ua likafunguka lote. Gharibu akalibeba sanduku langu la nguo akalirudisha chumbani huku anaimba. Nikajilaza mkekani nifurahi. Kivuli cha maji kikacheza darini, nami nikaona maji tu. Masikioni hapakuwa na Mwambani wala nini. Niliyemkosa ni Esteri.

Nikamfuata. Nilimkuta nje ya kibanda anapika kwenye kijungu.

"Samaki wazima," nikamwambia.

Akajifunika uso kwa viganja. "Nilipovuka," akasema, "kila nyumba walinipa chakula. Hakuna aliyeniuliza kama nina njaa. Nikasema, siku nikikutana na impunzi, na mimi sitauliza."

"Na ulichowapa ulikitoa wapi?"

Akatazama kijungu chake. Kilikuwa kidogo, cha mtu mmoja, na si mtu wa kushiba. Nilikaa chini bila kukaribishwa. Esteri akapakua ugali na maharage kwenye sahani moja, akaisogeza katikati yetu, tukala. Kando ya kibanda palikuwa na kishamba, hakijalimwa.

Niliporudi, Gharibu alikuwa mbele ya kioo, anachekelea. "Samaki wazima, mke wangu. Ahadi ni ahadi, huendi kwenu."

"Bwana we, hata wakifa leo siendi," nikamwambia. "Nitolee jembe dukani. Kesho tunapanda maharage na Esteri."