Udhu wa Malam Lawwali

Saratani ilimkaa mume wangu, Malam Lawwali, kwenye utumbo wa mwisho kabisa, vidole viwili tu kutoka njia ya haja kubwa. Daktari wa kwanza alitaka kukata utumbo huo pamoja na msuli wa kubana haja, na kumpa mfuko wa choo tumboni hadi kufa. Malam, imamu wa mtaa wetu hapa Gombe, Nigeria, kwa miaka ishirini, alikataa katakata. Upepo ukimtoka ovyo, udhu hana, na asiye na udhu hasalishi watu.

Dokta Kachalla ndiye aliyesema msuli wa kubana unaweza kuokolewa. Yeye Mkanuri, sisi Wafulani wachunga ng'ombe, watani wa jadi. Hata wodini hawakuacha kutaniana.

"Mtumwa wangu," Dokta alimwambia baada ya upasuaji, "uvimbe nimeutoa wote, lango nimekuachia. Ng'ombe chunga mwenyewe."

"Mkanuri alijua lini mambo ya ng'ombe?" Malam akajibu, sauti haitoki vizuri.

Mfuko aliuvaa miezi mitatu tu, ukaondolewa. Lakini kuuchunga upepo kulimshinda. Mazoezi ya msuli, kaza, hesabu kumi, legeza, mwaka mzima. Msikitini hakukanyaga. Watu wakija kumjulia hali, mimi ndiye wa kudanganya kwamba amelala. Nilimhurumia, na siku nyingine nilimkasirikia, maana kiburi cha mtu huyu nakijua mimi.

Juzi alitawadha alasiri, na magharibi ilipoingia udhu ulikuwepo bado. Akanitazama kama bwana harusi.

"Saude, simama nyuma yangu nikusalishe."

Rakaa ya pili, tumeinama kwenye rukuu, upepo ukalia. Malam hakuinuka. Tangu apasuliwe, mara nyingine hajui mwenyewe kama umemtoka au la.

Sasa, sisi wake wa Kifulani hata jina la mume hatulitamki mbele yake; mimi humwita Malam tu, yaani Mwalimu. Miaka thelathini na moja sijawahi kupiga mbweu mtu huyu akisikia. Ningeweza kunyamaza, na Mungu anisamehe, nilitaka kunyamaza.

"Malam," nikasema, uso unaniwaka, "ni mimi. Zile kunde za mchana."

Kisha, kwa sauti yake ya msikitini, ambayo sikuwa nimeisikia mwaka mzima: "Sami'a Llahu liman hamidah."

Akainuka kutoka rukuu, udhu wake mzima. Nilitoka kwenda kutawadha upya, nacheka huku nalia, na yeye anaendelea kusali.