Fomu za Kushika Nafasi

Sistema ya kompyuta ya kuandikisha majina ilikuwa inakubali na kukataa tangu asubuhi. Jina moja linaingia, linalofuata linagoma, kioo kinaandika: haikuunganishwa. Ukingoja kidogo, inakubali tena. Mimi ndiye bawabu wa ofisi, kwa hiyo matusi yote yalikuwa yangu.

Nje walijaa vijana wa mji wetu wa Palma na waliovuka kutoka kisiwa cha Rongui, wote wanataka kujifunza kuchomelea vyuma, wapate kazi za gesi. Uandikishaji ulikuwa unafungwa alasiri ile ile. Binti yangu Dalila naye alitaka kujiandikisha, ila alikuwa amekwenda Quionga kwa bibi yake kuchukua cheti chake cha shule.

Fundi Zito alikagua nyaya, akapanda kwenye antena, akashuka na kutu suruali nzima.

"Mtandao mzima, umeme mzima. Sasa nini?"

"Unatuuliza sisi?" nikamwambia. "Fundi nani?"

"Mzee, chunga mlango wako."

Akapiga simu Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, kwenye ofisi yenye mashine inayohifadhi majina. Akasikiliza, kisha akawageukia makarani.

"Kila fomu iliyo wazi inashika njia moja ya kwenda kule, na njia zenyewe chache. Nani ameacha fomu wazi?"

Wote wakatazama meza. Mimi sikushangaa. Kisimani kwetu mwanamke huacha ndoo kwenye mstari akaenda kupika, na hakuna anayeigusa. Hawa nao walifungua fomu, wakaandika jina la ndugu, wakaiacha wazi mpaka mwenyewe afike. Akifika, akimaliziwa fomu, njia moja inaachiwa na sistema inarudi.

"Hii ya Dalila," akasema karani Zuleica, mdogo wa mke wangu. "Shemeji, nifunge? Ataanza nyuma ya wote."

Mimi ndiye niliyemwomba aishike. Nje mtu akapiga mlango teke.

"Funga."

Wakafunga zote. Foleni ikaenda. Dalila akafika anahema.

"Baba, nipishe."

"Nyuma ya yule mwenye kofia."

"Mimi mwanao!"

"Nyuma."

Akaenda hanitazami. Punde nikasikia ndani: haikuunganishwa. Nikaingia.

"Nani amefungua tena?"

"Mjomba, kaka yangu yuko njiani," akasema karani Luís.

"Mwanangu yuko juani. Funga!"

Nikamsimamia mpaka akafunga. Adhana ya alasiri ikaanza, saa ya kufunga. Senhor Eusébio, mkuu wa ofisi, akaniashiria nifunge mlango. Nikaweka mguu mlangoni usifungike, nikaita anayefuata.