Koti Lisiloguswa na Maji

Tangu mumewe azikwe, pua ya dobi ilikuwa imeziba, na mwenyewe alikuwa amechoka, jamani, amechoka. Usiku alilala ameegemea ukuta, mdomo wazi. Mchana alipiga pasi, kichwa kizito. Wifi yake, dada wa marehemu, ndiye aliyemsaidia kusuuza nguo.

"Wifi, unakoroma kama mashine ya kusaga," alimtania. "Hata kaka yangu huko aliko hapati usingizi."

Kila jirani alikuwa tabibu. Huyu alisema ajifukize mvuke, yule atafune vitunguu saumu, na mwingine akamletea matone ya pua kutoka duka la dawa. Matone yalimfungua kidogo tu, kisha pua ikaziba tena, basi chupa ikawa haimtoki mkononi.

Usingizi aliutaka, ndiyo, lakini kilichomuuma kilikuwa kabatini: koti la sufu la mumewe, fundi baiskeli. Yeye aliyefua nguo za mtaa mzima hakuwahi kulitia maji koti lile. Alitaka kulinusa tu, apate grisi, tumbaku na jasho la mtu wake. Kila alipolisogeza puani, wapi!

Hatimaye alikwenda hospitali. Daktari aliishika ile chupa, akatikisa kichwa.

"Mama, haya ni ya siku chache tu. Ukizidisha, yenyewe ndiyo yanayoziba pua."

"Kumbe nimekuwa nikijitia ugonjwa?"

"Yaache. Osha pua kwa maji ya chumvi kidogo, yaliyochemshwa yakapoa, kisha tumia dawa hii ya kupuliza puani kila siku. Isiposaidia, tutapiga picha tuone kama kuna nyama puani. Kisu ni mwisho."

Bila matone, siku za kwanza zilikuwa mateso. Alilia kwa hasira, akataka kuirudia chupa.

"Mvumilivu hula mbivu," wifi akamwambia.

"Nitazijuaje kama zimeiva, nami sinusi?"

Asubuhi moja, akipiga pasi shati la mteja, aliisikia harufu ya kitambaa chenye joto. Akaisimamisha pasi, akakimbilia kabatini, akauzika uso wake ndani ya koti.

Harufu kali ya dawa ikampanda hadi machoni. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa vidonge vyeupe vya kufukuza nondo. Alivitia mwenyewe baada ya mazishi, kama alivyozoea kuvitia katika kila koti la sufu lililosubiri mwenyewe kuja kulichukua. Mikono ilifanya kazi yake, na pua haikuwepo kumwonya.

Wifi akachungulia mlangoni. "Vipi, imefunguka?"

"Imefunguka, wifi." Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Imefunguka, lakini yeye hayumo."

Wifi akalichukua koti, naye akalinusa, kola, kwapa na mikono yote miwili. Kisha akaketi sakafuni kando yake, wakalia pamoja.