Vikaratasi Sita vya Mutsinzi

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, saa moja na dakika kumi asubuhi. Mvua ya rasharasha ilikuwa ikinyesha mtaani Remera, Rwanda, tangu alfajiri, na mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye mapaa ya Gisimenti. Mutsinzi alikuwa mezani mwake, tai imefungwa barabara, akikata karatasi nyeupe kwa mkasi na rula. Alihitaji vikaratasi sita vya ukubwa mmoja kwa kura ya mchana huo ya viti vya viongozi. Alipomaliza kukata aliviandika kwa mkono wake mwenyewe, herufi zimesimama wima kama alivyofundishwa: Burundi, Kenya, Kongo, Rwanda, Tanzania, Uganda.

Mutsinzi alikuwa mkuu wa itifaki wa Sekretarieti ya Mashauriano ya Maziwa Makuu, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba watu wasiosalimiana wanakaa meza moja bila yeyote kuona amedharauliwa. Zamani wajumbe walikaa kwa kufuata alfabeti, mpaka ulipozuka ugomvi wa siku mbili kuhusu alfabeti ya lugha gani. Ndipo alipopendekeza njia aliyoijua tangu ujana. Katika shule ya bweni aliyosoma mkoani Kagera, yeye mtoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda, vitanda viligawiwa kwa vikaratasi vilivyokunjwa na kutiwa katika sufuria. Kiranja mkuu ndiye aliyevitoa, kimoja kimoja, macho yakitazama dari. Kiranja mkuu alikuwa yeye. Sasa ilikuwa hivyo hivyo kwa mataifa: nchi inayotoka kwanza hukaa kulia kwa mwenyekiti, inayofuata hukaa kando yake, na kwa mpangilio huo huo viongozi husimama kupigwa picha. Katika miaka tisa hakuna serikali iliyowahi kulalamika. Jambo hilo Mutsinzi hakulisema mbele za watu, lakini hakulisahau hata siku moja.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Harriet, katibu muhtasi wake, aliyekulia Kampala na aliyekipinda Kiswahili apendavyo.

"Mzee, iko mgeni hapa. Ameloa kama kuku. Anasema nikwambie bweni la tatu, kitanda ya dirishani. Ni dini gani hiyo?"

Mutsinzi aliweka mkasi chini. "Mlete. Na chai ya tangawizi, tafadhali."

Aliyeingia alikuwa Révérien, Mrundi, mshauri katika ujumbe wa nchi yake, mwenye koti lililochuruzika maji na tumbo ambalo mwaka 1982 halikuwapo.

"Shikamoo, Kiranja!"

"Acha utani. Tumezaliwa mwaka mmoja."

"Umri tumelingana, cheo hatujalingana." Révérien akaketi bila kukaribishwa. "Nimekuja kwa ndege mbili, bwana. Bujumbura hadi Nairobi, Nairobi hadi hapa. Zamani ningekunywa chai kwangu, nikala chakula cha mchana kwako Kabeza."

Mutsinzi alivinyoosha vikaratasi vyake kwa rula. Mpaka wa nchi kavu kati ya Burundi na Rwanda ulikuwa umefungwa tangu Januari ya mwaka uliotangulia, na kanuni yake ilikuwa kutotoa maoni juu ya mipaka. Harriet alileta chai, akatoka. Révérien alivitazama vile vikaratasi, kisha akapunguza sauti.

"Kiongozi wangu asikae karibu na Rwanda. Wala asisimame karibu nao pichani. Picha hiyo ikifika nyumbani, wataniuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayejulikana kuwa nilisoma na wewe. Nimebakiza miezi minane nistaafu. Kunja pembe tu."

"Pembe gani?"

"Usijifanye huijui. Tulipata vile vitanda vya dirishani miaka mitatu mfululizo. Ilikuwa bahati?"

Mutsinzi aliilegeza tai yake. Ni kweli: kikaratasi kilichokunjwa pembe hutambulikana kwa kidole hata macho yakiwa darini. Alikuwa amelisahau jambo hilo kwa makusudi, na kwa muda mrefu kiasi kwamba lilimjia kama kosa la mtu mwingine.

"Hapa si bwenini," alisema.

"Najua. Tangu Oktoba 1982 sijakuomba kitu. Leo naomba."

Oktoba ile, jamaa za Mutsinzi upande wa Mbarara, Uganda, walikuwa wakifukuzwa pamoja na Wanyarwanda wengine, na shuleni hakuna aliyejua nani amevuka mpaka na nani amebaki. Mutsinzi aliichukua redio ya mwalimu wa zamu ili asikilize habari, ikamponyoka, ikavunjika juu ya sakafu ya saruji. Gwaride la asubuhi lilipoulizwa nani amefanya hivyo, Révérien, naye mtoto wa wakimbizi, alijitokeza mbele na kusema ni yeye. Alisimamishwa masomo, akarudia mwaka mzima. Mutsinzi alibaki kimya, na mwisho wa mwaka akapewa nishani ya nidhamu.

Révérien alimaliza chai yake, akaaga. Mutsinzi alipotazama chini, kidole gumba chake kilikuwa kimekwisha kuikunja pembe ya kikaratasi cha Burundi. Hakukumbuka kukiamuru.

Saa nne kasoro robo simu ikalia.

"Kiranja, sahau niliyosema," Révérien alisema akihema. "Nimepigiwa kutoka nyumbani. Huko ng'ambo kuna karatasi ya mapatano imetiwa sahihi, au inakaribia kutiwa sahihi. Sasa wanataka tuonekane karibu na Rwanda. Karibu kabisa! Bega kwa bega."

"Nani anataka?"

"Wao."

"Wao nani, Révérien?"

"Ningejua ningekutajia jina!"

Mutsinzi alitoka kwenda kumwuliza Harriet kama kuna habari yoyote. Harriet alikuwa na simu mbili na redio ndogo mbele yake.

"Hii inasema wamekubaliana. Hii inasema mazungumzo imevunjika. Na hii ya tatu inapiga muziki tu, Mzee. Mimi naamini hii ya muziki."

Alirudi mezani akiwa hajui aamini lipi. Ikiwa watu hawa walikuwa maadui asubuhi na marafiki saa nne, je, yeye alikuwa akilinda nini kwa rula na mkasi? Na Révérien aliyeketi pale, alikuwa nani? Rafiki aliyejitoa kwa ajili yake, au nchi iliyokuja kumdai? Mutsinzi alitafuta kanuni inayohusu swali hilo. Kanuni za itifaki alizijua zote kwa moyo, hata zile za mazishi ya mabalozi, lakini hakuiona.

Saa saba, Révérien alipiga tena. Sauti yake ilikuwa imechoka.

"Wanasema tusubiri."

"Msubiri mkiwa karibu au mkiwa mbali?"

"Hawakusema."

Kisha Révérien akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Basi fanya lile la asubuhi. Ukiwa mbali hupigwi picha nao. Nakuomba, ndugu yangu. Unanidai nini zaidi? Wewe ndiye unayedaiwa."

"Ndiyo," alisema Mutsinzi. "Nadaiwa."

Alikata simu. Alikitazama kikaratasi cha Burundi na pembe yake. Kama angetii asubuhi, saa nne angekuwa amemwangamiza rafiki yake. Kama angetii saa nne, sasa hakuna ambaye angejua amemfanyia nini. Lakini alijua pia, na jambo hilo lilimuuma, kwamba haikuwa busara iliyomzuia. Alikuwa hajaamua tu.

Saa nane kamili, katika ukumbi wa chini, mashahidi sita, mmoja kutoka kila ujumbe, walikaa kuizunguka sufuria ya alumini. Mutsinzi alivichana vikaratasi vya asubuhi mbele ya macho yao, akaomba karatasi mpya, akakata, akaandika, akakunja, akampa kila shahidi akague chake kwa vidole. Révérien alikigusa cha Burundi. Pembe zote nne zilikuwa zimenyooka. Alimtazama Mutsinzi, naye Mutsinzi akatazama dari, akaanza kuvitoa sufuriani kimoja kimoja.

Kenya. Uganda. Burundi. Rwanda. Tanzania. Kongo.

Burundi na Rwanda, bega kwa bega. Wajumbe wengine walitoka wakizungumza. Révérien alibaki kitini, simu mkononi, kama mtu asiyejua kama ameokoka au amehukumiwa.

"Umenikatalia," alisema.

"Nimekukatalia. Kile ulichoomba hakikuwa changu kukupa." Mutsinzi alitoa simu yake, akavaa miwani, akaandika polepole kwa kidole kimoja. Kundi la simu la wahitimu wa shule yao lilikuwa na watu mia na arubaini, na kila mwaka walimtaja yeye kama mfano wa maadili kwa wajukuu zao. Alisoma tena alichoandika, akasahihisha alama moja ya mkato, akatuma.

Simu ya Révérien ikatetemeka. Akasoma:

"Ndugu wahitimu, redio ya mwalimu wa zamu, Oktoba 1982, niliichukua mimi na kuivunja mimi. Révérien alijitwika kosa langu, nami nikanyamaza miaka arubaini na mitatu. Nishani ya nidhamu haikuwa haki yangu. Na vitanda vya dirishani tulivipata kwa kukunja pembe. Mutsinzi."

Révérien alisoma mara mbili, midomo ikicheza. Ujumbe wa watu wengine ulianza kumiminika, mmoja juu ya mwingine, hakuufungua.

"Hili sikukuomba, Kiranja."

"Hili ndilo nililokuwa nadaiwa. Na usiniite kiranja tena."

Simu ya Révérien ililia. Namba ilikuwa ya Bujumbura. Aliitazama, akaiacha iite, akasimama na kumpa Mutsinzi mkono.

"Deni limelipwa," alisema, kisha akaipokea simu.