Mume wa Jukwaani

Siku tatu kabla ya onyesho la kwanza, gazeti moja la Bergen, Norwei, lilimuuliza Sindre Hauge, mwigizaji aliyecheza mume, ni nani humpikia wakati wa mazoezi. Akajibu bila kusita: "Mume wangu, Eirik."

Alhamisi waliigiza mbele ya watazamaji wachache wa majaribio. Sindre alipombusu Tuva, aliyekuwa mkewe kwenye mchezo, mtu akacheka. Cheko fupi, la puani.

"Tuliondoe lile busu," Ragnhild, mwongozaji wao, alimwambia kesho yake. "Mshike bega tu, inatosha."

"Kwani nilibusu vibaya?"

"Ulibusu vizuri. Ila watu wameshasoma gazeti, Sindre. Wanakutazama wewe, hawamtazami tena mume wa mchezoni."

"Mimi busu langu siliondoi," Tuva akadakia huku akifunga kamba za viatu. "Asiyetaka kuliona afumbe macho."

Ragnhild akashusha pumzi, akasema haya, jaribuni.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Waigizaji walifika pale mke anaporudi kutoka kwa daktari, habari mbaya usoni, sweta iko wazi kwenye baridi. Sindre alipomsogelea, cheko lile lile likatoka safu ya tatu. Shingo ikapata moto. Alihisi ukumbi mzima unamkagua: mkono wake, sauti yake, hata anavyosimama. Akatamani abusu haraka yaishe.

"Usikimbie," Tuva akanong'ona.

Sindre akatulia. Akaanza kumfunga vifungo vya sweta, kimoja kimoja, kitu ambacho hawakuwahi kukifanyia mazoezi. Alipofika cha juu kabisa ndipo akambusu. Hakuna aliyekohoa.

Baada ya onyesho, bibi mmoja alikuwa anamsubiri mlangoni, mwavuli unachuruzika.

"Mwanangu, aliyecheka ni mimi. Alhamisi na leo pia. Nilikuja kukukamata ukidanganya. Kila ulipomgusa nilikuwa naangalia vidole vyako. Ulipoanza vile vifungo, nikasahau kuangalia. Nikaanza kulia."

Sindre alitaka kushukuru, lakini hasira ikatangulia.

"Na Tuva je? Vidole vyake uliviangalia?"

"Vya nini tena? Yeye si..." Mvua ikapiga mwavuli. "Hapana," akasema polepole. "Haikunijia akilini kabisa."

Akaaga, akashuka mtaani akishikilia ukuta kwa sababu ya utelezi. Sindre akabaki mlangoni, hajui kama amesifiwa au ametukanwa. Kisha akamkimbilia, akamshika mkono hadi kituo cha basi.