Sori kwa Kiurdu

Kitendawili! Tega sikio, mwenzangu: kwa Kiingereza ni jepesi kama unyoya, kwa lugha ya mama halinyanyuki. Umeshindwa? Basi nipe mji, nikwambie: ni neno la kuomba radhi.

Huko Multan, Pakistani, Mzee Hashmat alichota achari ya maembe ya mkewe kwa kijiko kilicholowa maji. Achari ambayo Bi Qudsia aliianika juani mwezi mzima! Siku ya tatu ukungu ukatanda mtungi mzima.

"Sori," akasema mzee, macho yakiwa gazetini.

Bi Qudsia hakufoka. Miaka arobaini ya ndoa amelishwa sori za kila namna, na moyo wake haujashiba hata moja.

"Baba Asad, mimi niliishia darasa la tano. Hilo sori, kwa Kiurdu ni nini?"

"Aa, Mama Asad! Pakistani nzima inalijua."

"La anayenikanyaga sokoni nalijua. La mume wangu ndilo silijui."

Mkwe wao Farzana akaficha kicheko kwenye mtandio. "Baba, leo umebanwa!"

"Na asipojibu," akasema Bi Qudsia, "mwaka huu achari hamna. Atakula chapati kwa chumvi."

Mzee akakunja gazeti. Akakohoa. Akautazama mtungi, kisha mkewe, masikio yakamwiva.

"Ni..."

"Sema, baba, hakuna anayekukimbiza," akasema Farzana.

"Nisamehe, Mama Asad," akasema kwa Kiurdu, polepole. "Nimekuharibia kazi yako."