Mhina Anaacha Meno

Mhina Ukasha alikuwa tabibu wa meno katika hospitali moja mjini Korogwe, na alikuwa hodari. Hata waliomwogopa walikiri hivyo ganzi ilipoisha. Aling'oa, aliziba, alisafisha, kisha mgonjwa akaondoka ameshika shavu huku akimwomba Mungu wasionane tena. Mhina hakuona ubaya katika hilo. Kazi ni kazi.

Kwao Kang'ata, upande wa Handeni, baba yake hakumtaja kwa jina. Alimwita "daktari wangu." Mzee Ukasha alikuwa mkulima wa mahindi, mtu wa maneno machache, na karibu yote yalimhusu daktari wake.

Wakati wa mavuno, bodaboda iliyombeba mzee pamoja na gunia la mahindi iliteleza kwenye mchanga. Gunia halikupata kitu. Mzee alivunjika paja. Waliomwokota walitaka kumpeleka hospitali ya karibu, lakini akakataa akiwa bado amelala chini.

"Nipelekeni Korogwe," alisema. "Mwanangu ni daktari huko."

Wakatafuta gari, wakaipita Handeni mjini, wakaenda. Pale Segera, dereva aliposimama kujaza upepo, muuza korosho aliyesogea dirishani aliambiwa habari za daktari kabla ya kuambiwa habari za paja.

Mzee akalazwa wodi ya wanaume. Mguu wake ulifungwa kamba yenye vizito, ukavutwa hivyo ili mfupa uunge ukiwa umenyooka. Daktari wa mifupa alisema atakaa hapo wiki nyingi. Wauguzi walikuwa wachache, kwa hiyo ndugu ndio waliowasafisha wagonjwa wao. Mama yake Mhina alishafariki na dada zake waliolewa mbali. Akabaki Mhina.

Kila mchana alivua koti lake jeupe, akalitundika kule kwenye chumba cha meno, akaenda wodini. Alimwosha baba yake mgongo, akambadilishia shuka, akamwaga chupa yake ya mkojo, akamsogeza upande huu na ule kadiri kamba ilivyoruhusu, ili asipate vidonda.

Kitanda cha pili alilala Deogratius, dereva wa lori aliyepata ajali karibu na Segera. Mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya plasta, kwa hiyo kazi iliyobaki aliifanya kwa mdomo.

"Mzee, kijana wako anajua kazi," alisema siku moja. "Umempata wapi?"

Mzee Ukasha alimtazama mwanawe, ambaye wakati huo alikuwa ameshika ile chupa.

"Wa kukodi," alisema. "Mwanangu mwenyewe ni daktari. Ana shughuli nyingi."

Mhina akaenda kumwaga chupa. Hakubisha. Ni kweli daktari alikuwa na shughuli nyingi.

Lililomshangaza ni kwamba alianza kuingoja saa ile ya mchana. Katika meno, mgonjwa hukaa mdomo wazi na hawezi kusema kitu. Hapa watu walisema. Baba yake alizungumza vizuri zaidi akiwa ameelekezwa ukutani, anaoshwa mgongo. Akiwa hivyo, alimweleza Mhina jinsi mama yake alivyougua mwaka ule wa mwisho, na kwamba yeye, Ukasha, alikuwa akienda shambani hata pasipo na kazi kwa sababu hakujua namna ya kumshika. Mhina hakuwahi kusikia habari hiyo. Alisuuza kitambaa, akaendelea kumwosha.

Na ngozi ya kisigino, iliyokuwa imeanza kuwa nyekundu, ikarudi rangi yake. Mhina aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kulitazama jino.

Akamwendea Sista Asnath, mkuu wa wodi, mama mwenyeji wa Kwashemshi, asiyecheka ovyo.

"Sista, nafikiria kuacha meno nikasomee uuguzi."

Asnath hakuacha kukunja shuka. "Kila anayemuuguza baba yake anajiona nesi," alisema. "Baba yako unampenda. Ukitaka kujua, mchukue yule." Akaelekeza kidevu kwa Deogratius.

Mhina akamchukua, akawa anamlisha. Deogratius aliutukana uji kwa kuwa ni wa moto, na ulipopoa akautukana tena. Alimtukana Mhina, kisha akautukana ukoo mzima wa Mhina, na kwa kuwa hakujua kwamba mkuu wa ukoo huo yuko kitanda cha pili, aliutukana kwa sauti. Mzee Ukasha alikaza macho darini. Mtu hawezi kuutetea ukoo wa kijana wa kukodi.

Hata hivyo, mchana mmoja, Mhina akimfuta mdomo, Deogratius alisema polepole, "Utingo wangu alifia pale pale. Nikifumba macho nasikia ananiambia nipunguze mwendo."

 Mhina alimfuta uso, ingawa uso ulikuwa safi, akakaa pembeni ya kitanda mpaka mwenzake akasinzia. Kesho yake matusi yaliendelea kama kawaida. Mhina alipotoka aligundua kwamba tayari anapanga namna ya kumlaza ili bega lisimuume. Akaelewa kwamba Sista Asnath amejibiwa.

Jioni alimwambia mkewe, Shamsia, ambaye alikuwa kwenye cherehani.

"Unataka kurudi shule?" Shamsia aliuliza.

"Ndiyo."

"Ukae darasani na watoto waliomaliza sekondari juzi?"

"Ndiyo."

"Na kuzalisha utafundishwa?"

"Muuguzi ni mkunga pia."

Shamsia alimaliza kushona pindo, akakata uzi kwa meno. "Nilipojifungua Zamda ulizimia mlangoni, baba Zamda."

"Najua."

"Basi mimi sina neno. Baba yako ndiye utakayemwambia mwenyewe."

Mhina alikuwa bado anatafuta namna ya kumwambia pale dada wa mapokezi wa kitengo cha meno alipotokea mlangoni mwa wodi akihema.

"Daktari Mhina! Yule uliyemng'oa asubuhi, damu haijakata."

 Mhina akaweka beseni chini.

Deogratius alimtazama Mhina, akamtazama na mzee. "Mzee," alisema, "umemkodi daktari?"

Mzee Ukasha alifumba macho, akaanza kukoroma.

Damu ilipokatika, Mhina alirudi. Baba yake alikuwa macho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nilishawaambia watu mwanangu ni daktari. Kisha ukaja na chupa ya mkojo. Ulitaka niseme nini?"

"Ungesema ni mimi."

 Mhina akaona siku imeshaharibika, ni afadhali amalize yote. "Baba, nataka kuacha meno. Nataka kusomea uuguzi."

Mzee alijaribu kuinuka. Vizito vikagongana, mguu ukamrudisha chini. "Kama nisingefungwa hapa," alisema, "ningekwenda zangu nyumbani sasa hivi."

"Najua, baba. Ndiyo maana nimekwambia leo."

Tangu hapo mzee akakataa kuguswa na mwanawe. Alisema atahudumiwa na wenye kazi yao. Mhina aliendelea kuja. Alimlisha Deogratius, akaondoka. Hakuna aliyemsemesha mwenzake, na hata Deogratius, kwa heshima ya msiba huo, alipunguza matusi. Mhina alirudi kwenye meno. Alifikiri pengine ni kiburi tu, kumvua mzee kitu pekee alichokuwa akijivunia mbele za watu. Aliwaza kuyaacha yote yaishe.

Kisha mchana mmoja Sista Asnath akaja mwenyewe hadi chumba cha meno.

"Baba yako anauliza yule wa kukodi yuko wapi," alisema. "Anasema sisi wengine tunamgeuza kama gunia."

Mhina alikwenda bila kuvua koti. Alimshika baba yake begani na nyongani, akamgeuza taratibu. Mgongo ulikuwa umeanza kuchubuka. Akauosha. 

"Shule yenyewe miaka mingapi?" mzee aliuliza, akiutazama ukuta.

"Mitatu."

Mzee akafikiri. "Basi nenda mapema," alisema. "Nisije nikavunjika tena hujamaliza."

Sasa Mhina yuko mwaka wa pili. Vijana wa darasa lake wanamwita mzee na kumwachia kiti cha mbele, kwa kuamini kwamba haoni vizuri. Mara ya kwanza kuingia chumba cha kujifungulia alitoka kwa miguu yake mwenyewe, akazimia nje. Mara ya pili alikaa mpaka mtoto akalia, na yeye akalia kidogo. Kuna siku anayakumbuka meno, kwa sababu yalikuwa na mwisho unaojulikana. Hajajuta.

Likizo iliyopita alikwenda Kang'ata kwenye harusi ya binamu yake, Hajira. Mzee Ukasha, ambaye sasa anatembelea fimbo, alikuwa amekaa katikati ya majirani. Mmoja akauliza kama ni kweli yule daktari ameshushwa cheo.

"Ameshushwa na nani?" mzee alisema. "Mwanzo walimpa meno tu. Wameona anafaa, sasa wamempa mwili mzima."

Majirani walilitafakari jambo hilo.

"Kwa hiyo meno hashiki tena?"

"Kwani meno yako wapi?" mzee alisema. "Si mwilini?"

 Bibi mmoja akasogeza kiti chake karibu na Mhina, akapandisha kanga kidogo, akamwonyesha goti.